Maisha ya Guglielmo Marconi: Waya Mrefu na Mgongo wa Dunia

Ndugu wasomaji, kila mtu amekwisha kuona jinsi mtu akaaye bondeni apandavyo kilimani ili simu yake ipate kushika, au jinsi minara ya redio isimamishwavyo juu ya milima wala si mabondeni. Lakini si wengi wajuao kwa nini kupanda juu kunasaidia, wala kusaidia kwake kuna mpaka gani. Kwa hiyo tumependa kuwasimulia habari za Guglielmo Marconi, Mwitalia, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufa mwaka 1937, ambaye jina lake hutajwa shuleni kila inapotajwa simu isiyo na waya, ile iliyoitwa zamani simu ya upepo. Mambo ya maisha yake ni mengi. Sisi tutafuata moja hasa, yaani urefu wa waya wake. Kwa maana urefu huo ulimfanikisha katika ujana, ukamtatiza katika utu uzima, nao ukamrudia tena alipokuwa mzee.

1. Utoto wake na chumba cha darini

Marconi alizaliwa mjini Bologna tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, na kwa hiyo mtoto alijua Kiitalia na Kiingereza pia. Hakupata shahada ya chuo kikuu. Alifundishwa na walimu wa nyumbani, tena akapata ruhusa ya kusikiliza na kutazama kazi ya Profesa Augusto Righi wa Bologna, aliyekuwa akichunguza mawimbi ya umeme.

Mawimbi hayo yalikuwa yamethibitishwa na Mjerumani Heinrich Hertz katika miaka ya 1886 hadi 1888. Hertz alionyesha ya kuwa cheche ya umeme ikiruka upande mmoja wa chumba, huamsha cheche ndogo upande wa pili, ijapokuwa hakuna waya uliounganisha pande hizo mbili. Alifariki mwaka 1894 akiwa kijana bado, na habari za kazi yake zikaandikwa tena katika magazeti ya elimu. Marconi alipozisoma akashikwa na wazo moja tu, nalo lilimnyima usingizi: kama wimbi laweza kuvuka chumba, kwa nini lisichukue habari mbali zaidi?

Basi akafanya karakana yake darini katika nyumba ya baba yake, Villa Griffone, kijijini Pontecchio. Vyombo vyake havikuwa vigeni kwa wataalamu. Cheche alijifunza kwa Hertz na Righi. Chombo cha kupokelea kilikuwa kichupa chembamba cha kioo chenye unga wa madini. Wimbi likifika, chembe za unga hushikamana na kuupitisha umeme, kisha kichupa hugongwa kidogo ili chembe ziachane. Chombo hicho kilikwisha kufanyiwa kazi na Mfaransa Édouard Branly na Mwingereza Oliver Lodge. Lakini darini na bustanini Marconi hakufika mbali.

Ndipo mwaka 1895 alipofanya jambo ambalo laonekana dogo. Alichukua bamba moja la chuma la mtambo wake akaliinua juu ya nguzo, na lile la pili akalifukia ardhini. Akafanya vivyo hivyo upande wa kupokelea. Mara umbali ukaongezeka. Kila alipoinua nguzo, habari ilikwenda mbali zaidi. Mwisho kipokezi kikachukuliwa hata ng'ambo ya kilima kilicho karibu na nyumba, umbali wa kama kilometa 2, mahali ambapo aliyepeleka habari hakuweza kumwona aliyepokea. Husimuliwa katika jamaa yake ya kwamba ndugu yake Alfonso, aliyekuwa huko ng'ambo na kipokezi, alipiga bunduki hewani kuwa ishara ya kwamba habari imefika.

Hapa yatupasa kuwa wenye haki. Mwaka uo huo wa 1895 Mrusi Aleksandr Popov alitumia waya uliosimama wima kutambua radi za mbali, na Lodge alikuwa amekwisha kuonyesha watu mawimbi hayo katika mwaka 1894. Marconi hakuwa peke yake, wala hakuanza bila kitu. Alichowazidi wengine ni kwamba aliushika urefu wa waya kama ufunguo, asiuachilie.

2. Futi 20, futi 40, futi 80

Mwezi wa Februari 1896 Marconi akasafiri na mama yake kwenda London. Tarehe 2 Juni mwaka huo akapeleka maombi ya hati ya kulinda uvumbuzi wake. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, akampokea kwa wema, akampa nafasi ya kufanya majaribio mbele ya watu wa serikali.

Jaribio moja la mwezi wa Mei 1897 lastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ndani yake limefichwa fumbo la habari yetu. Mlingoti wa kama meta 34 ulisimamishwa juu ya jabali la Lavernock, katika pwani ya Wales. Mtambo wa kupelekea habari uliwekwa kisiwani Flat Holm, kama kilometa 5 baharini. Kisiwa hicho huonekana waziwazi kutoka jabalini. Hata hivyo majaribio ya kwanza hayakufaulu. Tarehe 13 Mei kipokezi kilichukuliwa kutoka juu ya jabali kikashushwa mpaka ufuoni, na waya ukaongezwa ili utoke ncha ya mlingoti ufike chini kabisa. Habari ikapokewa vizuri. Siku chache baadaye habari zilivuka mlango ule wa bahari mpaka Brean Down, umbali wa kama kilometa 14.

Tafakarini jambo hili. Mlingoti haukuongezwa urefu. Kipokezi chenyewe kilishushwa, wala hakikupandishwa. Pande zote mbili zilionana tangu mwanzo. Kilichobadilika ni urefu wa waya wenyewe, si mahali pa kutazamia. Tutalirudia neno hili.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo Marconi alikuwa La Spezia, kwao Italia, akijaribu pamoja na manowari San Martino. Meli ilikwenda mbali hata kilometa 16 na zaidi, na bado ilipokea. Lakini ilipopita nyuma ya rasi, habari zilikatika. Basi nchi kavu iliyoinuka katikati iliweza kuyazuia mawimbi, ijapokuwa kilima cha Pontecchio hakikuyazuia.

Katika majaribio mengi ya namna hii Marconi alipata kanuni, akaieleza mbele ya wahandisi wa umeme mjini London mwaka 1899. Waya wa futi 20 kila upande hufikisha habari maili 1. Waya wa futi 40 hufikisha maili 4. Waya wa futi 80 hufikisha maili 16. Yaani, ukiongeza urefu mara mbili, umbali huongezeka mara nne. Ilikuwa kanuni ya mtu aliyepima, si ya mtu aliyejua sababu. Kwa kanuni hiyo alisimamisha milingoti mirefu pande mbili za bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, na tarehe 27 Machi 1899 habari zikapita kutoka Wimereux, Ufaransa, mpaka South Foreland, Uingereza, umbali wa kama kilometa 50.

3. Mgongo wa dunia

Wakati huo wataalamu wengi walikuwa na shaka iliyo na maana. Walijua ya kuwa mawimbi ya Hertz ni ndugu wa nuru, nayo nuru huenda moja kwa moja. Dunia ni mviringo. Basi wimbi likienda mbele, litaiacha dunia ikiinama chini yake, nalo litapotelea angani.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili bila kufungua kitabu. Jahazi likitoka bandarini, kwanza mwili wake huzama machoni, kisha tanga, na mwisho hubaki ncha ya mlingoti peke yake. Vivyo hivyo baharia aliye juu ya mlingoti huona nchi kavu kabla ya wenzake walio chini. Si macho yake yaliyo makali kuliko yao; ni mgongo wa dunia unaowakinga wale wa chini.

Hesabu yake si ngumu, nasi twaweza kuifanya hapa. Mtu asimamaye ufuoni, macho yake yakiwa meta 1.6 juu ya maji, huona mpaka kilometa 4.5 hivi. Akipanda mnara wa meta 100, ataona mpaka kilometa 36 hivi. Mawimbi mafupi ya redio hupita mbele kidogo kuliko macho, kwa sababu hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, nayo huyainamisha kidogo kufuata mviringo wa dunia; kwa hiyo mnara huo wa meta 100 huyafikisha mpaka kilometa 41 hivi. Atakaye kukisia mwenyewe na afanye hivi: atafute hesabu ambayo ikizidishwa kwa hiyo yenyewe hutoa urefu wa mnara kwa meta, kisha aizidishe kwa 4. Mathalan, mnara wa meta 25: 5 mara 5 ni 25; basi 5 mara 4 ni kilometa 20. Mnara wa meta 100: 10 mara 4 ni kilometa 40. Mnara wa meta 400: 20 mara 4 ni kilometa 80. Na kama kipokezi nacho kiko juu, upeo wake hujumlishwa na ule wa mnara.

Sasa iangalieni vema hesabu hii, mwilinganishe na kanuni ya Marconi. Ya Marconi ilisema: urefu mara mbili, umbali mara nne. Hii ya kuonana yasema kinyume: urefu mara nne, umbali mara mbili tu. Hesabu hizi mbili haziwezi kuwa sheria moja. Moja yahusu mahali antena iliposimama juu ya mgongo wa dunia. Nyingine yahusu urefu wa waya wenyewe. Na fumbo la Lavernock hufumbuliwa hapa. Waya ulioshikana na ardhi hutoa wimbi lenye urefu wa kama mara nne ya waya ule. Waya ukiwa mrefu, wimbi huwa refu, tena waya mrefu huutoa na kuupokea umeme wa mawimbi kwa nguvu zaidi. Mawimbi marefu hayaendi moja kwa moja kama nuru ya taa. Hutambaa juu ya ardhi, na zaidi juu ya maji ya chumvi, yakiinama pamoja na dunia. Basi Marconi alipokuwa akiinua milingoti yake, alifanya mambo mawili kwa mara moja: aliipandisha antena, tena aliurefusha waya. Katika miaka ile la pili ndilo lililomfaa zaidi, wala yeye hakuwa na njia ya kuyatenga.

4. Tiara juu ya Signal Hill

Mwezi wa Januari 1901 habari zilikwenda kutoka kisiwa cha Wight mpaka Lizard katika Cornwall, kama kilometa 300. Tukipima mgongo wa dunia kati ya pande hizo, tutaona ya kuwa umeinuka zaidi ya meta 1,700 juu ya mstari ulionyoka. Hapakuwa na mlingoti duniani wa urefu huo. Basi Marconi akajua, bila shaka tena, ya kuwa mawimbi yake hayakuhitaji kuonana. Akakusudia kuivuka bahari ya Atlantiki.

Huko Poldhu, katika Cornwall, kampuni yake ilisimamisha milingoti 20 kwa duara, kila mmoja kama meta 60. Tarehe 17 Septemba 1901 dhoruba ikaiangusha yote. Mitambo ya ng'ambo, iliyokuwa Cape Cod nchini Marekani, ikapatwa na msiba wa namna hiyohiyo baada ya wiki chache. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika, na wenye hisa walikuwa wakingoja. Marconi hakungojea kujenga upya kama kwanza. Poldhu ikawekewa milingoti miwili na nyaya zilizotandazwa kama upepeo, naye mwenyewe akapanda meli kwenda Newfoundland, nchi ya kaskazini ya Amerika iliyo karibu zaidi, pamoja na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget. Kwa kuwa hakuwa na mlingoti huko, alichukua maputo na tiara, zile za kitambaa zirushwazo kwa uzi.

Juu ya kilima cha Signal Hill, karibu na mji wa St. John's, upepo ulikuwa mkali. Puto likakatika likapotea. Tarehe 12 Desemba 1901 tiara moja ikabeba waya wa kama meta 150 hewani, ikipanda na kushuka bila kutulia. Marconi akaweka chombo cha kusikilizia sikioni. Baada ya saa sita mchana akasadiki ya kuwa anasikia nukta tatu, alama ya herufi S, iliyokuwa ikipigwa Poldhu. Akampa Kemp asikilize, naye akasadiki vilevile. Umbali ulikuwa kama kilometa 3,500, na mgongo wa dunia uliokuwa katikati ulipita kilometa 200 kwenda juu.

Je, watu waliamini? Wengine waliamini, wengine hawakuamini, na hata leo wako wataalamu wanaouliza kama ilikuwa sauti ya Poldhu kweli au mngurumo wa radi za mbali. Walioshuhudia walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa wa upande mmoja. Wala hapakuwa na alama iliyoandikwa kwenye karatasi. Marconi aliona ya kuwa neno lake peke yake halitoshi. Kwa hiyo mwezi wa Februari 1902 akasafiri katika meli Philadelphia kutoka Uingereza kwenda Amerika, naye akaweka mashine ya kuandika alama juu ya ukanda wa karatasi mbele ya nahodha. Maneno kamili yakapokewa mpaka umbali wa kama kilometa 2,500, na nukta za S mpaka karibu kilometa 3,400. Lakini kukaonekana ajabu: mambo hayo yalikuwa ya usiku. Mchana habari zilikoma zilipopita kilometa 1,100 hivi. Mtambo ulikuwa uleule, na nyaya zilezile. Basi urefu wa waya haukuweza kuwa sababu.

Mwaka uo huo wa 1902 Arthur Kennelly kule Amerika na Oliver Heaviside kule Uingereza, kila mtu kwa njia yake, walisema ya kuwa juu sana angani lazima pawe na tabaka ipitishayo umeme, nayo huyarudisha mawimbi chini kama dari irudishavyo sauti. Mwaka 1924 Edward Appleton alithibitisha kwa kupima ya kuwa ndivyo ilivyo. Leo twajua ya kuwa jua ndilo linalozifanya tabaka hizo na kuzibadilisha, na ndiyo maana mchana na usiku havifanani. Marconi alikuwa ameivuka bahari kwa msaada wa kitu asichokijua. Tiara yake ilikuwa juu ya kilima, lakini kilichoyabeba mawimbi yake kilikuwa juu zaidi, hata kuliko ndege yeyote arukaye.

5. Roho zilizookolewa baharini

Kazi hiyo haikuwa mchezo wa wataalamu. Kabla ya hapo meli iliyopita upeo wa macho ilikuwa kama imetoka duniani. Ikipatwa na shida, hapakuwa na wa kuisikia. Mwezi wa Januari 1909 meli Republic iligongwa katika ukungu karibu na pwani ya Amerika. Jack Binns, mpiga simu ya upepo, aliita msaada, na watu karibu wote, zaidi ya elfu moja, wakaokolewa. Mwishoni mwa mwaka huo Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun.

Mwezi wa Aprili 1912 Titanic ilizama usiku katika Atlantiki. Wapiga simu wake, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa watumishi wa kampuni ya Marconi. Meli Carpathia ilisikia mwito wao ikaja, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa. Zaidi ya 1,500 walikufa, na Phillips mmoja wao, kwa kuwa aliendelea kuita mpaka dakika za mwisho. Meli nyingine, Californian, ilikuwa karibu zaidi, lakini mpiga simu wake alikuwa amekwisha kulala. Hapo watu walijifunza ya kuwa antena ndefu haifai kitu ikiwa hapana mtu aliye macho kusikiliza, na baadaye sheria za mataifa zikaagiza meli kukesha saa zote 24.

6. Kurudi kwenye mawimbi mafupi

Marconi alikuwa ameanza na mawimbi mafupi sana, ya sentimeta tu, na huko Uingereza mwaka 1896 aliyaelekeza kwa vioo vya madini kama nuru ya kurunzi. Akayaacha kwa sababu hayakwenda mbali. Alipokuwa mtu mzima aliyarudia. Katika meli yake Elettra, aliyoifanya kuwa nyumba na karakana, alifanya majaribio mengi, na pamoja na Charles Franklin, mhandisi wa kampuni yake, akaonyesha katika miaka ya 1920 ya kuwa mawimbi ya meta chache kumi huweza kuizunguka dunia kwa kurudishwa na zile tabaka za juu, tena kwa nguvu ndogo kuliko mitambo mikubwa ya zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akashuka chini zaidi, mpaka mawimbi ya kama nusu meta. Mawimbi mafupi hivi hayatambai juu ya ardhi, wala tabaka za juu haziyarudishi; huzipenya yakaenda zake. Hapo ile sheria ya kuonana, ambayo Marconi alikuwa ameipita miaka 30, ilisimama tena mbele yake. Kwa mawimbi haya urefu wa waya si kitu tena, kwa maana antena yenyewe ni fupi kuliko mkono wa mtu; lililo la maana ni mahali ilipowekwa. Mwaka 1933 alifungua simu ya namna hiyo kati ya Vatikani na Castel Gandolfo, kama kilometa 20.

Hata hivyo hakukubali sheria bila kuijaribu. Mwaka 1932 aliweka mtambo Rocca di Papa, katika vilima vya karibu na Roma, na kipokezi juu ya rasi ya Figari katika kisiwa cha Sardinia, umbali wa kama kilometa 270. Vilima vyote viwili, upeo wao ukijumlishwa, haufiki kilometa 200. Walakini habari zilisikika, mara kwa nguvu, mara kwa udhaifu. Leo sababu yajulikana: tabaka za hewa zenye joto na unyevu mbalimbali juu ya bahari huweza kuyainamisha mawimbi au kuyatawanya, hata yakapita upeo wake. Basi sheria ya kuonana ni ya kweli, lakini si ukuta. Ni kama alama ya maji kujaa ufuoni: kwa kawaida bahari huishia hapo, na siku nyingine huipita.

7. Upande wa giza, na mwisho wake

Hatutafanya vema tukisifu kazi ya mtu na kuficha mengine. Marconi aliingia katika chama cha Kifashisti cha Mussolini mwaka 1923, na mwaka 1930 akafanywa mkuu wa Chuo cha Kifalme cha wataalamu wa Italia. Vita vya Italia juu ya Uhabeshi vilipoanza mwaka 1935, aliitetea serikali yake hadharani. Mtu aliyetafuta miaka 40 jinsi sauti ya mnyonge aliye mbali baharini itakavyosikiwa, hakuisikia sauti ya nchi ile iliyoshambuliwa. Elimu yaweza kumpandisha mtu juu akaona mbali sana kwa macho, na bado asimwone jirani.

Alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63, kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya pili yake vituo vya redio na simu vya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili kwa heshima yake, na hewa ikawa kimya kama ilivyokuwa kabla hajazaliwa.

Ndugu, redio za FM na simu za mkononi za siku hizi zote hutumia mawimbi mafupi. Kwa hiyo urithi tunaoutumia kila siku si ile kanuni ya futi 20 na 40, bali ni ile ya mgongo wa dunia. Ndiyo maana mnara wa meta 30 juu ya kilima hushinda mnara wa meta 100 uliosimama bondeni. Ndiyo maana kuongeza mnara urefu mara mbili hakuongezi umbali mara mbili, bali chini ya nusu yake tu. Na ndiyo maana mara nyingi mwenye kipokezi hufaidiwa zaidi akiipandisha antena yake juu ya paa kuliko akinunua chombo cha thamani. Mlima ukisimama katikati, nguvu za umeme hazitauondoa; yafaa kuweka mnara mwingine juu yake, upokee na kupeleka mbele.

Haya Marconi hakuyajua yote alipoinua bamba lake la kwanza juu ya nguzo kule Pontecchio. Aliinua, akapima, akaandika alichokiona. Na pale neno lake lilipotiliwa shaka, hakukasirika akaishia hapo, bali alipanda meli na karatasi yake mbele ya mashahidi. Sababu zilikuja baadaye, kwa mikono ya wengine. Sisi tusomao leo tumepokea vyote viwili, kipimo na sababu yake, na inatupasa kumshukuru kila mmoja kwa fungu lake.